Prosesa Moja Inapoonekana Mbili

(Hotuba iliyotolewa Goweko mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi)

Niliombwa niseme "jambo lolote la kompyuta". Ningeweza kusimama hapa nikasifu maendeleo ya sayansi kwa nusu saa, mkanipigia makofi, tukaenda kula. Lakini kesho asubuhi kamati yetu inakaa kuamua namna ya kutumia fedha mlizochanga kwa ajili ya chumba cha kompyuta, na katika makaratasi ya kamati hiyo kuna neno moja ambalo limetugawa. Naona afadhali niseme juu ya neno hilo.

Mambo yenyewe ni haya. Tumeletewa barua za bei na wafanyabiashara wawili, ambao sitawataja. Wa kwanza anatuuzia kompyuta mpakato ishirini, hizi ambazo vijana wanaziita laptopu, zilizokwisha kutumika. Katika barua yake ameandika kwamba kila moja "ina prosesa nne". Wa pili, kwa fedha zile zile, anatuuzia kumi na mbili tu, nazo zimekwisha kutumika, na yeye ameandika "viini vinne". Mweka Hazina wetu, ambaye ni mtu makini na sote twamheshimu, ameuliza swali la haki kabisa: kama nne ni nne, kwa nini tuchukue kumi na mbili tukaache ishirini?

Yule wa kwanza ametuletea kompyuta moja ya kuonea. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliiwasha, akafungua lile dirisha la kupimia kazi za mashine, akaona vimichoro vinne vinapanda na kushuka. Akamwambia mwalimu wake, "Ziko nne, nimezihesabu." Na kweli zinaonekana nne. Mashine yenyewe inashuhudia. Hata hivyo ndani ya kompyuta ile mna viini viwili tu vya kufanyia kazi. Basi mfanyabiashara amesema uwongo? Si uwongo mtupu. Kijana amekosea kuhesabu? La hasha. Yatubidi kwanza tujue inakuwaje kitu kimoja kikaonekana viwili.

Nimekuja na kompyuta hii ndogo hapa mezani, maana ndiyo inayoonyesha jambo hili bila kuchanganya. Ni ya mwaka 2008, wakati ule kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu zilipoanza kuenea duniani. Prosesa yake ni Atom N270 ya kampuni ya Intel. Ina kiini kimoja tu, wala hakuna ubishi. Mkiiwasha, vimichoro vinaonekana viwili.

Tuje kwenye maelezo. Chukueni karakana ya useremala. Mna msumeno mmoja, randa moja, keekee moja, jiliwa moja na meza moja. Yupo fundi mmoja anayetengeneza kabati. Mbele yake ana mchoro unaomwambia hatua ifuatayo ni ipi, na mfukoni ana kidaftari cha vipimo anavyovishughulikia sasa hivi. Kazi yenyewe hufanywa na zana. Ukimpa mchoro na kidaftari bila msumeno, hakuna kabati.

Kiini cha prosesa kimejengwa hivyo hivyo. Kina zana zake: ya kujumlisha, ya kuzidisha, ya kuleta namba na kuzipeleka. Halafu kina vidaftari, ambavyo wataalamu wanaviita rejista, na alama ya kuonyesha ni amri ipi inayofuata. Fundi wetu ni mfuatano wa amri za programu moja, mmoja baada ya mwingine. Mfuatano huo wao wanauita uzi, na ndiyo sababu mtasikia wauzaji wakitaja "nyuzi". Karakana ni kiini, fundi ni uzi. Shikeni hayo mawili, mengine yatafuata.

Sasa fundi anataka ubao wa mninga. Ukiwa juu ya meza, anaunyakua mara moja. Ukiwa stoo, anamtuma mtu, naye anakaa anangoja. Katika kompyuta kungoja huku ndiko kunakokula wakati, kuliko watu wengi wanavyofikiri. Prosesa ya gigahetsi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja. Akili ya binadamu haishiki hesabu hiyo, kwa hiyo tuinyooshe: tuseme kila pigo ni sekunde moja nzima ya saa yangu hii. Namba iliyomo katika kache ya karibu kabisa, yaani ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, hufika kwa sekunde nne au tano. Namba iliyo katika kumbukumbu kuu, ile RAM tunayoinunua kwa gigabaiti, hufika baada ya kama dakika tano. Na iliyo katika diski ya zamani, ile inayozunguka, hufika baada ya karibu mwaka mzima. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu, Novemba mwaka ule ule. Wapagazi walikuwa na mwendo mzuri kuliko diski. (Kicheko.)

Tazameni vizuri, maana hapo pana misubiri ya aina mbili, na kila mmoja una dawa yake.

Msubiri wa mwaka mzima una dawa ya siku nyingi. Mfumo endeshi, yaani ile programu kuu kama Windows, humwambia fundi: kunja mchoro wako, weka kidaftari chako kabatini, toka nje, mpishe mwenzako. Kwa saa yetu ya kunyoosha, makabidhiano hayo huchukua saa nzima, pengine na zaidi. Lakini mtu anayengoja mwaka, saa moja kwake ni nini? Ujanja huo ulionyeshwa kule Marekani katika chuo cha MIT mwaka 1961 na Fernando Corbató na wenzake: watu kadhaa walitumia kompyuta moja kwa zamu za haraka, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Leo kompyuta zote hufanya hivyo, na ndiyo sababu unaweza kuandika barua huku muziki unalia.

Lakini msubiri wa dakika tano? Huwezi kufanya makabidhiano ya saa nzima ili uokoe dakika tano. Fundi ataachwa akae, na msumeno, randa na keekee vitalala. Dakika tano, halafu nyingine tano, kutwa nzima. Wahandisi walipopima waliona kwamba zana zao za gharama kubwa zinalala sehemu kubwa ya siku.

Basi dawa ya pili ni hii: waingizeni mafundi wawili ndani ya karakana ile ile tangu asubuhi. Kila mmoja awe na mchoro wake na kidaftari chake. Zana ziwe zile zile. Wa kwanza akingoja ubao, wa pili anashika msumeno papo hapo, bila makabidhiano yoyote, kwa sababu kidaftari chake hakikuwa kabatini, kilikuwa mkononi. Na si wakati wa kungoja tu. Hata wote wawili wakiwa kazini, huyu anapopiga randa yule anaweza kutumia keekee katika pigo lile lile. Fundi mmoja peke yake ni mara chache akazitumia zana zote kwa pamoja.

Huo ndio mwujiza wote. Kilichoongezwa ni vidaftari na mahali pa kuwekea mchoro. Msumeno haukuongezwa.

Na mfumo endeshi unapoamka, kitu inachokiona ni mahali pa kupokelea kazi. Ukikuta vidaftari viwili vilivyo tayari, huandika kwamba wapo wapokeaji wawili, na huchora vimichoro viwili. Mifumo endeshi ya leo inaijua tofauti. Kama karakana ziko mbili, hujitahidi kumpeleka kila fundi kwenye karakana yake kabla ya kuwabananisha wawili pamoja. Lakini vile vimichoro kwenye kioo huonekana sawasawa, wala havina alama ya kukuonyesha ni vipi vinavyoshiriki msumeno mmoja. Kijana wetu wa Kidato cha Tatu alihesabu vidaftari, akavihesabu sawa.

Mtaniuliza, kwa nini wasijenge karakana ya pili yakaisha? Hapa sisi wa Goweko hatuhitaji mfano wa kutoka ng'ambo. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, wakaanza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, hawakulaza njia mbili. Walilaza moja, ya upana wa mita moja. Treni za kwenda na za kurudi hupishana kwenye stesheni, ambako pamewekwa kipande cha njia ya pembeni. Kipande kile ni kifupi, chuma chake ni kidogo, gharama yake si kitu ukilinganisha na kulaza njia nyingine nzima kuvuka pori lote hili. Lakini njia ile moja ikaweza kufanya kazi ambayo bila vipande hivyo isingewezekana. Na mgeni akishuka stesheni akaona njia mbili sambamba, asidhani ziko mbili hadi Kigoma.

Wahandisi wa Intel walieleza hesabu ya namna hiyo hiyo mwaka 2002. Walisema kwamba kuweka kidaftari cha pili kuliongeza ukubwa wa prosesa kwa chini ya asilimia 5, na kwamba katika baadhi ya kazi faida ilifika hadi asilimia 30. Ukipewa thelathini kwa kutoa tano, utakataa? Kujenga kiini kizima cha pili ni gharama nyingine kabisa, na umeme wake ni mwingine, na joto lake ni lingine. Kwa kompyuta inayotumia betri, hayo si mambo madogo.

Sasa vijana, andikeni hesabu hii. Kuna kazi mbili, kila moja ikifanywa peke yake huchukua dakika 10. Kompyuta ya kiini kimoja cha kawaida itazimaliza zote mbili kwa dakika 20. Kompyuta ya viini viwili vya kweli itazimaliza kwa dakika 10. Na ile ya kiini kimoja chenye nyuzi mbili, tukiipa faida yote ya asilimia 30? Ishirini gawanya kwa 1.3: dakika 15 na ushei. Si kumi, wala si ishirini. Na hapo nimeipa bahati nzuri. Kama kazi zote mbili ni za kupiga msumeno mfululizo, faida hupungua ikakaribia kwisha. Na zipo kazi ambazo mafundi wawili husongamana mezani, kila mmoja akisukuma mbao za mwenzake zirudi stoo, hata ikawa afadhali angekuwapo mmoja.

Mkitaka kuijaribu hesabu hiyo, na ningependa mjaribu, andikeni programu fupi ya kutafuta namba tasa hadi kiwango fulani. Iendesheni moja kwa kupima saa, kisha mbili kwa pamoja. Kompyuta hii ndogo nawaachia hapa shuleni kwa kazi hiyo. Matokeo mtayaona wenyewe, sina haja ya kuwatangulia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1964 kampuni ya CDC ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa 6600, iliyosanifiwa na Seymour Cray. Ilikuwa na prosesa kumi ndogo za pembeni. Ukizihesabu, kumi. Lakini zana za kufanyia hesabu zilikuwa za seti moja tu, zikizunguka kutoka kidaftari hadi kidaftari, kama mwalimu wa zamu anayepita bweni hadi bweni. Mwaka 1995 Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha namna mafundi wawili au zaidi wanavyoweza kutumia zana mbalimbali katika pigo moja. Mwaka 2002 Intel wakaliingiza jambo hilo katika biashara kwa jina la Hyper-Threading, kwanza katika kompyuta kubwa za ofisini, kisha mwezi Novemba katika Pentium 4. AMD nao wakaliweka katika Ryzen zao mwaka 2017. IBM walikwenda mbali zaidi: katika POWER8 ya mwaka 2014 waliweka mafundi wanane katika karakana moja.

Wazee wenzangu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na wengi wetu tulizigusa tukiwa tumeshaota mvi. Ninyi vijana hamna udhuru huo. (Kicheko.)

Lipo jambo moja zaidi ambalo barua za bei hazilitaji kabisa. Watu wawili wakiwa katika chumba kimoja, husikiana. Fundi wa pili, hata asipochungulia mchoro wa mwenzake, akisikiliza msumeno umetumika lini na kwa muda gani, anaweza kukisia mwenzake anatengeneza nini. Mwaka 2005 Colin Percival alionyesha kwamba programu moja inaweza kwa njia hiyo kuiba ufunguo wa siri wa programu nyingine inayotumia kiini kile kile, kwa kupima tu mwendo wa kache. Mwaka 2018 na 2019 yakagunduliwa matundu mengine makubwa zaidi katika prosesa za Intel, na waangalizi wa mfumo endeshi uitwao OpenBSD waliamua mwaka 2018 kuuzima uzi wa pili kabisa katika prosesa hizo. Kwa benki, au kwa makampuni yanayokodisha kompyuta moja kwa wateja wasiojuana, hilo ni jambo zito. Kwa chumba chetu, ambamo mwanafunzi mmoja anaandika insha, mimi silioni kuwa la kutukosesha usingizi. Nalitaja ili msije mkaambiwa na mtu mwingine mkadhani nimelificha.

Na mwaka 2024 Intel wenyewe walitoa prosesa za kompyuta mpakato, Core Ultra 200V, ambazo hazina uzi wa pili hata kidogo. Apple walikwisha kufanya hivyo tangu M1 ya mwaka 2020. Siku hizi katika kompyuta za betri wako wanaoona afadhali karakana nyingi ndogo kuliko mafundi wawili wanaogombea randa. Kwa hiyo msije baadaye mkaikataa mashine kwa sababu tu vimichoro vyake ni sawa na viini vyake. Hiyo ndiyo inayosema kama ilivyo.

Sasa turudi kwenye barua zetu mbili.

Prosesa ya yule wa kwanza ni Core i5-5300U, ya mwaka 2015. Viini viwili, nyuzi nne. Ya yule wa pili ni Core i5-8250U, ya mwaka 2017. Viini vinne, nyuzi nane. Mnaona ilivyo? Wa kwanza amehesabu mafundi, wa pili amehesabu karakana. Kama tukihesabu kama alivyohesabu wa kwanza, mashine za yule wa pili "zina prosesa nane". Zile nne mbili si ndugu hata kidogo.

Najua pia kwamba mjumbe mmoja amesema ya kwanza ni gigahetsi 2.3 na ya pili ni 1.6, kwa hiyo ya kwanza ina kasi. Hapana, bwana. Hizo ni namba za mwendo wa kawaida. Kazi ikizidi zote huongeza mwendo: ya kwanza hadi 2.9, ya pili hadi 3.4.

Mtadhani basi nitasema tuchukue zile kumi na mbili. Sisemi hivyo. Darasa lenye wanafunzi arobaini likigawanywa kwa kompyuta ishirini, kila moja inapata wawili. Likigawanywa kwa kumi na mbili, ni watatu, na mahali pengine wanne, na sote twajua kwamba katika kundi la wanne mmoja ndiye anayeshika kibao cha herufi na watatu wanatazama bega lake. Kwa kuandika, kwa majedwali ya hesabu, na kwa kujifunza kutunga programu, viini viwili vinatosha. Kitakachowakera vijana wetu ni ule msubiri wa mwaka mzima, kwa maana kompyuta tuliyoletewa kuonea ina diski ya zamani ya kuzunguka. Ikiwekwa diski mpya, ya aina isiyozunguka, msubiri ule unashuka kutoka mwaka hadi siku tatu au nne. Hakuna uzi wa pili utakaokupa faida kama hiyo.

Kwa hiyo mimi naiomba kamati hivi. Yule wa kwanza aandikiwe kwamba tumefungua mashine yake na kuikagua. Aandike upya barua yake kwa maneno "viini viwili, nyuzi nne", na aweke bei ya mashine ya viini viwili. Bei aliyoiweka sasa ameipanga kwa kuilinganisha na mashine ya viini vinne. Hilo limo katika barua yake mwenyewe, ukurasa wa pili. Tofauti itakayopatikana tununulie diski. Akikataa, tuchukue za yule wa pili bila kinyongo, tupange zamu za wanafunzi.

Liko na tatizo la mfumo endeshi, ambalo lazima mlijue kabla ya kupiga kura. Windows 11 haiziruhusu rasmi prosesa za mwaka 2015. Huanzia kizazi cha ile ya yule wa pili. Na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake zile ishirini tutazitia Linux, ambayo ni ya bure na inazikubali bila taabu, na Mwalimu wa kompyuta ameniambia yuko tayari. Kama asingekuwa tayari, ushauri wangu ungekuwa mwingine.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Siku mzigo utakapofika, msiipokee hata moja kabla haijawashwa. Katika Windows, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingieni sehemu ya utendaji, kwenye prosesa. Chini ya mchoro mtaona mistari miwili: mmoja umeandikwa "Cores", huo ndio karakana, wa chini yake umeandikwa "Logical processors", huo ndio mafundi. Katika Linux andikeni lscpu, mtaona hayo hayo. Mwalimu Mkuu amekubali kutupa vijana wanne wa Kidato cha Tatu, akiwemo yule aliyehesabu vimichoro, wakae na daftari waandike namba ya kila mashine, viini vyake, nyuzi zake na diski yake, kisha Mweka Hazina atie sahihi chini ya orodha yao.

Ndugu Mwenyekiti, naona chakula kinanukia, lakini kama kuna maswali tuyachukue sasa, kwa sababu kamati inakaa saa mbili kamili asubuhi. (Makofi.)